Kunasa kundi la nyuki na kulifanya libaki

Kulitia sandukuni kundi la nyuki lililoning'inia kwenye tawi la mlimao ni kazi ya dakika 20 hivi. Hata mgeni wa kazi hii, akivaa vizuri na asiwe na haraka, anaiweza. Shida huanza keshoye. Unaamka asubuhi, unakwenda kuchungulia mzinga, unakuta kimya. Nyuki wameondoka na hawakuacha hata kipande cha sega. Makundi yangu matatu ya kwanza yalinihama hivyo, na kila moja liliniuma, kwa sababu nilidhani kazi ilikwisha pale nilipofunga mfuniko.

Nafuga nyuki kwa kupenda tu. Nina mizinga tisa kwenye shamba dogo nje ya mji wa Morogoro, mahali unapoiona milima ya Uluguru asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Sijawahi kununua nyuki. Wote walitoka kwenye miti ya majirani, kwenye tairi bovu lililoachwa nyuma ya gereji, na kwenye mitego niliyotundika mwenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: ana mzinga mmoja au miwili mitupu, jirani anampigia simu, anataka kujua afanye nini. Sehemu kubwa nitaeleza mambo ya kabla ya simu na ya baada ya kunasa, maana hapo ndipo makundi yanapopotea.

Jua kwanza kwa nini wametoka

Nyuki wa bara huku kwetu wataalamu wanawaita Apis mellifera scutellata. Wa mwambao ni litorea, na wa milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru ni monticola, weusi zaidi na wapole kidogo. Tofauti zao zipo, ila ukiwalinganisha na nyuki wa Ulaya, hawa wetu ni wepesi sana wa kuhama. Wa Ulaya amezoea baridi ndefu. Anajaza akiba na kung'ang'ania nyumba yake. Wa kwetu amekulia kwenye ukame, moto wa msituni, nyegere na warina asali. Pakiharibika, anaondoka na wenzake wote, malkia akiwemo. Ndiyo maana video za Ulaya zinakufundisha vizuri namna ya kunasa, lakini zinakuacha njia panda kwenye suala la kuwabakiza.

Kundi unaloliona mtini huwa limetoka kwao kwa sababu mojawapo kati ya tatu. Sababu ya kawaida ni kugawanyika. Mvua imenyesha, maua yamechanua, mzinga umejaa hadi nyuki wanakosa nafasi. Malkia mzee anatoka na sehemu kubwa ya nyuki, na nyuma wanabaki wengine pamoja na seli za nta wanamolelewa malkia wapya. Kundi hili ni kubwa na limeshiba: kabla ya kutoka kila nyuki amejaza tumbo asali ya safari, na kwa kuwa hana masega wala majana (watoto wa nyuki) ya kulinda, hana sababu kubwa ya kuuma.

Siku chache baadaye mzinga uleule unaweza kutoa kundi la pili, dogo, pengine saizi ya embe dodo, likiwa na malkia bikira ambaye bado hajakutana na madume. Aina ya tatu ni kundi lililokimbia: njaa, siafu, moto, jua kali, au mtu aliyewasumbua. Hili linaweza kuja hata katikati ya kiangazi. Halina asali tumboni, limechoka, na usilizoee.

Ukilitambua kundi ni la aina gani, unajua kama utalilisha usiku huohuo, kama inafaa kumfungia malkia, na utalikaribia kwa tahadhari kiasi gani. Kundi kubwa msimu wa maua ni la kwanza. Dogo, wiki moja hivi baada ya kubwa kuonekana mtaa huohuo, ni la pili. Kundi la kiangazi nalihesabu kuwa limekimbia, mpaka lenyewe linithibitishie vingine.

Mzinga uwe tayari kabla ya simu

Kundi linaweza kukaa mtini saa mbili, linaweza kukaa siku mbili. Wakati limening'inia pale, wapelelezi wake wanazunguka mtaa kutafuta tundu, wanarudi kucheza ile ngoma yao juu ya migongo ya wenzao kuonyesha ni upande gani na umbali gani. Wakikubaliana, wanaruka. Ukianza kupigilia misumari baada ya kupigiwa simu, umeshachelewa.

Mimi natumia mizinga ya tope ba, ile yenye viunzi vya juu (vipande vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega chini yake) bila fremu. Kipimo ambacho hakina mjadala ni upana wa kiunzi: milimita 32. Kwa nyuki wa Ulaya huwa 35, kwa kuwa wao ni wakubwa kidogo na masega yao yamekaa mbalimbali zaidi. Ukimpa fundi seremala kipimo cha Ulaya, nyuki wetu watajenga sega moja juu ya viunzi viwili, na baadaye hutaweza kunyanyua hata kimoja bila kuvunja. Urefu wa viunzi uufanye mmoja kwa mizinga yako yote na kwa mitego yako. Sababu yake utaiona mbele, tukifika kwenye sega la majana.

Mbao zisiwe zimetiwa dawa. Muulize muuzaji waziwazi, kisha zinuse. Kundi langu la pili nililiweka kwenye mzinga mpya uliopakwa vanishi ndani na nje, nilitaka upendeze. Nyuki walikaa usiku mmoja, na saa tano asubuhi walitoka wote wakapita juu ya paa langu kama wingu. Mzinga mpya uache uvutwe na upepo wiki mbili kivulini. Kama unataka kupaka rangi, paka nje tu.

Kisha uutie harufu ya nyumbani. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto (usiiweke motoni moja kwa moja, inashika moto), chora mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi, na nyingine ipake ukutani karibu na mlango. Sega kuukuu jeusi, hata kipande cha saizi ya kiganja, linavutia kuliko chochote. Halafu chukua mchaichai, usokote majani mpaka mikono inukie, uyasugue ndani. Jambo hili linafanya kazi kweli. Nyuki aliyefika mahali pema huinua tumbo na kutoa harufu ya kuwaita wenzake kutoka kwenye tezi iliyo karibu na ncha ya tumbo, na ndani ya harufu hiyo imo sitrali, ileile inayoufanya mchaichai unukie.

Ukiwa na mbao za ziada, tengeneza mitego miwili au mitatu: masanduku madogo ya viunzi vitano au sita, mlango mdogo unaopitisha kidole kimoja. Tundika mtini kwenye kivuli, juu ya kimo cha mtu, mita tatu hivi hadi tano, mahali ambapo wewe mwenyewe unaweza kupanda kwa ngazi usiku bila kujihatarisha. Kagua kila wiki mbili uondoe buibui, sisimizi na mijusi. Mtego wenye buibui mlangoni nyuki hawaugusi.

Vifaa vingine ni vya kawaida. Ovaroli nyepesi ya rangi isiyokoza, kofia yenye wavu, glovu, gambuti, na suruali ikiwa imefungwa chini kwa raba. Bomba la moshi pamoja na magunzi au mavi makavu ya ng'ombe. Chupa ya kupulizia maji, ile ya kunyoshea nguo. Shuka jeupe. Brashi laini, au ubawa wa kuku. Mimi naupenda ubawa. Msumeno mdogo, kamba, utepe mpana wa karatasi wenye gundi, na kipande cha wavu wa chuma wa kuzuia mbu. Rola moja ya plastiki ya nywele, nitaeleza kazi yake.

Simu ikiingia, uliza kabla ya kutoka

Uliza kundi liko wapi na limekaa kimo gani, limefika lini, na linaning'inia kama mpira au nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu. Omba picha. Ukiona masega, au ukiambiwa "wapo darini tangu mwaka jana," hilo si kundi la kunasa; ni makao kamili yenye majana na asali, na nyuki wake wana cha kukilinda. Kuwatoa kunahitaji kukata mbao, watu wawili au watatu wenye uzoefu, na kazi ya usiku. Kwa mwenye mizinga miwili nasema hapana, mwelekeze kwa afisa nyuki wa wilaya.

Swali la mwisho usilisahau hata siku moja: je, kuna mtu amewapulizia dawa, amewamwagia dizeli, au amewarushia mawe? Wakipuliziwa dawa usiwachukue, watakufa mzingani na kuuchafua. Kama wamechokozwa na wanashambulia watu, waambie waingie ndani, wafunge milango, wapige Zimamoto namba 114. Hapo hakuna kundi la kunasa, kuna watu wa kuokoa.

Jioni ya mlimao

Nitasimulia kundi moja, maana hatua zake zote zilikwenda kama zinavyotakiwa. Alinipigia kijana wa bibi mmoja wa mtaa wa tatu kutoka kwangu, mwezi wa nne. Nilifika saa kumi jioni. Bibi alikuwa ameketi barazani, mbali kidogo, ameshafunga mbuzi wake upande wa pili wa nyumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hawa wageni wangu wamefika adhuhuri. Walisema tuwachome, nikawaambia mgeni hachomwi."

Nilimshukuru kwa hilo, na pia kwa wale mbuzi. Mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, na nyuki wa kwetu wakichafuka wanaua mbuzi, mbwa, hata ng'ombe. Kabla hujagusa kitu hakikisha wanyama wote wako mbali, watoto wako ndani, na mtu mmoja amesimama njiani kuwazuia wapita njia.

Bumba lilikuwa kimo cha kifua changu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, umbo la nanasi lililopinduliwa. Ukilisogelea unasikia mngurumo mdogo, wa chini, sawasawa. Ngozi ya nje ni nyuki walioshikana miguu kama vigae vya paa, vichwa juu. Wapelelezi wachache walikuwa wanacheza juu yake. Nilisimama dakika kumi nikiangalia tu, na wewe ufanye hivyo. Nyuki wakiruka polepole na kutua, endelea. Wakianza kukugonga kwenye wavu wa kofia, rudi nyuma, subiri giza liingie.

Hatua ya kwanza ni kuvaa, na kuliwasha bomba la moshi na kuliweka pembeni. Liwake hata kama hulitumii. Bumba lililotulia halihitaji moshi mwingi, ukizidisha litapaa. Kinachofaa ni maji. Puliza manyunyu mepesi pande zote mara mbili tatu, kama unanyoosha khanga. Nyuki wakilowa kidogo wanabana pamoja na hawataki kuruka.

Ya pili, tandika shuka chini, weka sanduku juu yake, ondoa mfuniko na viunzi vitatu au vinne ili upate mlango mpana juu. Lisogeze chini kabisa ya bumba, karibu liliguse.

Ya tatu ni tendo moja. Shika tawi kwa mikono miwili, litikise mara moja kwa nguvu, kuelekea chini, kisha uache. Usitikise kidogokidogo, hivyo unawachokoza na huwaangushi. Bumba linaanguka kama ugali unaotoka sufuriani, kwa mshindo mmoja, na hewa inajaa nyuki. Usikimbie wala usipunge mikono. Rudishia viunzi taratibu, viache vizame vyenyewe kwa uzito wao huku nyuki wakijipenyeza, kisha funika na uache mlango mdogo wazi. Kama tawi ni jembamba na mwenye mti ameruhusu, likate kabisa uliingize pamoja na nyuki. Kwenye ukuta au shina nene, wafagie kwa ubawa kuingia kwenye ndoo, uwamwage sandukuni.

Sasa tazama mlangoni, maana hapo ndipo utajua kama malkia yumo. Pale kwa bibi, baada ya dakika tano, nyuki ishirini thelathini walijipanga kwenye kizingiti, vichwa ndani, matumbo juu, mabawa yakienda kasi hadi huyaoni. Harufu ya mchaichai ilinifikia ndani ya wavu. Halafu waliokuwa shukani wakaanza kutembea. Hawakuruka: walitembea, mamia, wote upande mmoja, wakipanda shuka na kuingia mlangoni kama watu waingiao msikitini. Bibi alinyanyuka barazani kuangalia, nikamwomba asogee mwisho wa baraza tu.

Ukiona badala yake nyuki wanatoka sandukuni na kurudi mtini, malkia amebaki juu. Tikisa tena. Ukimwona, ni mrefu kuliko wengine, tumbo limechongoka, mabawa yake yanaonekana mafupi. Malkia akiisha kuingia, fukiza moshi lile tawi walilokuwa wamelikalia, harufu yao iishe, wasiendelee kurudi pale.

Ukiumwa, kwangua mwiba kwa ukucha mara moja. Ule mwiba unabaki na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu, na unatoa harufu kama ya ndizi mbivu ambayo nyuki wengine wanaitambua kama mbiu ya vita. Pafukize moshi palepale. Mtu akivimba usoni, akishindwa kupumua vizuri, au akapata kizunguzungu, acha nyuki, mkimbize hospitali. Mzio unaua haraka. Asiyejua mwili wake unapokeaje sumu ya nyuki asiende peke yake.

Safari ya usiku

Acha sanduku hapohapo mpaka giza. Wapelelezi waliokuwa mbali wanarudi wakati wa magharibi, na ukiondoka mapema wanabaki wakizunguka uwanja wa mwenyeji wako siku mbili. Saa moja na nusu usiku ziba mlango kwa wavu wa chuma na ule utepe wa gundi. Usizibe kwa kitambaa wala nailoni. Nyuki waliofungwa wanapata joto kali, na kundi zima linaweza kuyeyuka ndani ya saa moja, ukafika na uji wa nyuki waliokufa. Nyunyiza maji kidogo kupitia wavuni, funga kamba, sanduku likae wima muda wote.

Bodaboda anafaa kama ni mtu unayemfahamu na umemweleza amebeba nini. Usipande nao daladala. Sanduku likifunguka mle ndani hakuna wa kukusamehe, na itakuwa haki.

Tofauti na nyuki waliokaa mzingani muda mrefu, kundi lililogawanyika limekwisha kuisahau nyumba yake ya zamani. Unaweza kuliweka hata mita 50 kutoka pale ulipolinasa. Lakini liweke mbali na watu. Mimi nafuata angalau mita 300 kutoka nyumba na njia, na kichaka cha kuzuia mruko wao katikati.

Siku tatu zinazoamua

Hapa ndipo ningeomba usome taratibu.

Usiku huohuo, au alfajiri kabla jua halijachomoza, hamishia viunzi kutoka kwenye sanduku kwenda mzingani pamoja na nyuki walioning'inia, na waliobaki wamwage ndani kwa mtikiso mmoja. Mzinga uwe kivulini, kwa kuwa jua la saa nane likipiga juu ya mfuniko, masega mapya laini yataanguka na nyuki watahama. Uning'inize kwa waya uliopakwa grisi, au miguu yake isimame kwenye makopo ya oili chafu. Kundi langu la tatu lilifukuzwa na siafu usiku wa pili. Niliona mstari wao asubuhi ukipanda mguu wa mzinga, na nyuki walikuwa wamekwisha kuondoka. Punguza mlango ubaki upana wa vidole viwili. Kundi geni halina walinzi wa kutosha kwa mlango mpana.

Kitu kimoja kinachowabakiza kuliko vyote ni sega la majana. Kabla ya kwenda kunasa, au mchana unaofuata, fungua mzinga wako wenye nguvu, toa kiunzi kimoja chenye mayai na majana madogo yasiyofunikwa, fagia nyuki wote warudi kwao, ukiweke katikati ya mzinga mpya. Nyuki wakikuta watoto wanaohitaji kulishwa, wanakuwa wagumu mno kuondoka. Faida nyingine: kama malkia alikufa njiani, kwenye mayai yale au majana machanga kabisa wanaweza kulea malkia mpya, na ndani ya siku 16 au pungufu anatoka kwenye seli yake. Ndiyo sababu nilisema viunzi vyote viwe na urefu mmoja. Kwa anayeanza na hana mzinga wa pili, mwombe mfugaji jirani unayejua mizinga yake ina afya. Tangu nianze kufanya hivi nimepoteza makundi mawili tu.

Ukikosa majana kabisa, ndipo rola ya nywele inapoingia. Ukimpata malkia, mwingize ndani, ziba ncha zote mbili, mning'inize kati ya viunzi. Nyuki watamlisha kupitia matundu na hawataondoka bila yeye. Mfungue baada ya siku tatu, sega likiwa limeanza. Ila usimfungie wa kundi la pili. Yule ni bikira, anahitaji kutoka nje siku za mwanzo akapandwe angani, na ukimchelewesha unaweza kupata malkia anayezaa madume matupu.

Chakula: kundi kubwa la msimu wa maua lina akiba ya siku kadhaa tumboni, linajitosheleza. Kundi lililokimbia, au lolote likinyeshewa siku mbili mfululizo, lilishe. Kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji ya moto, koroga, ipoe, mimina kwenye sahani ndani ya mzinga, nyuma kabisa, na vijiti juu yake nyuki wasizame. Weka jioni. Tone likimwagika nje linaita sisimizi na nyuki wezi. Asali ya dukani usiwape kamwe, kwani inaweza kubeba ugonjwa wa majana kutoka mzinga usioujua.

Halafu acha. Usifungue siku ya pili kwa hamu ya kuona. Kaa pembeni, mita tano, uangalie mlango. Nyuki wakitoka na kupiga duara mbele ya mzinga, nyuso zikiutazama, wanakariri nyumba; hiyo ni habari njema. Wakiingia na chavua ya manjano au ya rangi ya machungwa miguuni, kuna uwezekano mkubwa malkia anataga au anajiandaa. Kinachonitia wasiwasi ni mlango uliopoa, nyuki wamekaa bila kazi, hakuna chavua siku tatu nzima. Hapo naangalia siafu, joto na chakula, na jioni naongeza sega jingine la majana.

Wiki ya kwanza hadi ya tatu

Siku ya tisa au ya kumi, saa kumi na moja jioni, fungua kwa moshi kidogo. Unatafuta masega meupe yaliyonyooka chini ya viunzi na, ukiyaelekeza mwangani, mayai yaliyosimama kila moja kwenye tundu lake, mfano wa vipande vidogo sana vya uzi mweupe. Sega lililopinda lisukume kwa kidole lirudi mstarini sasa likiwa laini. Kwa kundi la pili subiri mpaka wiki ya tatu. Malkia bikira anahitaji muda. Ukikuta tundu moja lina mayai mengi yaliyotapakaa, hakuna malkia, wafanyakazi ndio wanaotaga. Kundi hilo ni bora uliunganishe na jingine kwa kutenganisha na karatasi ya gazeti, wataitoboa wenyewe na kuchanganyika polepole.

Asali ya msimu huo iache. Wanaihitaji kwa kiangazi, na mzinga uliorinwa mapema ndio unaohama Agosti.

Kundi la kwa bibi lilibaki. Mwezi wa saba masega yalifika nane, na nilipompelekea habari aliniuliza kama "wageni" wamezaa. Naye sasa ana mtego wangu mmoja kwenye mwembe wa nyuma, ila kuupanda kukagua ni kazi yangu. Mwezi uliopita niliukuta na nondo wa nta. Walikuwa wamekula lile sega kuukuu lote na kuacha vumbi na nyuzi. Niliukwangua, nikapitisha moto wa haraka ndani, nikapaka nta upya na mchaichai, nikaurudisha mtini kabla ya vuli.